Kufika Si

Theluji iko nyuma yao, imechorwa kwa rangi ya mafuta,
na mlima, na kibanda kinachofuka moshi.
Ni Ruwi, mwezi wa Juni, mwaka sabini na tano.
Tazama kwapa la kanzu ya babu, utaiona Juni yenyewe:
doa la jasho ambalo Bwana Kuriakose
alilisugua kwa brashi yake lisitoke.

Jambia kiunoni ni la studio, baisa mia mbili.
Saa mkononi ni ya studio, bure ukikodi jambia.
Kitabu kile kinene
alichokishika babu kama kadhi
ni orodha ya bei za vipuri vya malori,
kimevikwa karatasi ya dhahabu.

Na simu. Nyeusi, juu ya kimeza.
Bibi ameilaza kiganja
kama mtu aliyemaliza sasa hivi kuzungumza na dunia.
Waya unateremka, unapotelea nyuma ya kitambaa,
na huko umefungwa fundo kwenye mguu wa meza.
Tunajua, kwa sababu mama alikuwa chini pale,
ana miaka minne, amelikimbia jicho la kamera.
Mama hayumo pichani, lakini yumo.

Mwaka jana, Al Khuwair, kwa kina Bi Shinuna,
nilifungua albamu yao
nikaikuta saa yetu mkononi mwa baba yake.
Jambia letu. Simu yetu.
Tulicheka hata chai ikapoa.
Halafu akanyamaza, akaweka ukucha kwenye kioo cha saa.
"Saa nne na dakika kumi. Na kwenu?"
Saa nne na dakika kumi.
Kumbe wazee wetu wote walifika Omani dakika moja.

Kwetu picha hii husomwa kila Idi,
na kila Idi watu hununiana.
Maana chini ya buibui, pale bibi alipokunja mguu,
pindo la kanga limechungulia,
na kwenye pindo maneno mawili,
mengine yamemezwa na mkunjo:

KUFIKA SI

"Kufika si kazi, kazi kupokewa," husema mjomba Thuwein,
ambaye darasani walimwita jina
akaliitikia mwaka mzima
kabla hajajua kuwa ni tusi.

"Kufika si kukaa," husema mama.
Masanduku yake yako juu ya kabati mpaka leo
na hayana vumbi.

Mama mkubwa Rayya, ndiye aliyemvisha bibi siku ile,
huchambua samaki wake bila kuinua uso:
"Ni kanga ya jikoni. Baba alipiga honi mara tatu.
Mnatafuta nini?"

Nakala moja ilikwenda Wete, kwa Salha, dada yake bibi.
Nyuma yake, kwa kalamu ya wino:
Sote wazima. Mungu ametupa.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano,
bahasha imekwisha funguliwa na wengine, ikagundishwa tena.
Salha hakuuliza jambia, wala theluji,
wala hakusema neno juu ya kanga.
*Simu nimeiona. Nambari yake ngapi?
Jumatatu posta hapana watu wengi.*

Bibi aliikunja barua, akaenda Ruwi kwa miguu.
Bwana Kuriakose alidhani anataka nakala nyingine.
Alipita mbele ya theluji, akasimama penye kimeza,
akanyanyua mkono wa simu, akauweka sikioni.
Hakusema halo. Alisikiliza tu.

"Kwa muda gani?" nilimuuliza mama mkubwa,
maana yeye alikuwepo, ameshika mwavuli.

"Nitajuaje?" akasema.
"Saa ya pale ilikuwa imesimama."